Tembe la Kwihara: ni nyumba ya nani?

Ukimuuliza kijana wa sekondari hapa Tabora kwamba Kwihara ni nini, atakujibu bila kusita kuwa ni mahali alipokaa Dk. Livingstone. Ukimuuliza nyumba ile ilikuwa ya nani kabla Livingstone hajafika, atakutazama kama mtu aliyeulizwa swali lililo nje ya mtihani. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, si mwalimu wa historia. Lakini swali hilo limenikaa kifuani tangu nilipowapeleka wanafunzi wangu Kwihara, na leo napenda kulijadili na ndugu wasomaji.

Kwihara ipo kilomita chache kusini magharibi ya mji wa Tabora. Tembe lililopo pale leo si lile lile la karne ya 19. Lilijengwa upya katika miaka ya 1950, zama za Waingereza, kwa kufuata lile la asili, na likafanywa makumbusho. Ni jengo pana na fupi, lenye kuta nene za udongo, paa la bapa, na mlango wa mbao zilizonakshiwa ambao ungedhani umetolewa Mji Mkongwe wa Unguja. Kuna miembe. Wageni wengi hufika, hupiga picha mlangoni, wakaondoka wakiwa na jina moja tu kichwani, kwa sababu hata vitabu vya watalii huliita jengo hilo Tembe la Livingstone.

Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Ni miezi sita. Alikuwa mgeni, na nyumba ilikuwa ya wenyeji wake.

Kabla sijafika kwenye nyumba yenyewe, niseme neno moja kuhusu ardhi iliyoisimamia. Hili neno "Ikulu" tunaloliita makazi ya Rais halikutoka pwani wala Ulaya. Limetoka huku kwetu, katika Kinyamwezi na Kisukuma, ambako ikulu ni makao ya mtemi. Wazungu waliopita hapa waliandika "Kwikuru" kwenye ramani zao wakidhani ni jina la kijiji, kumbe waliambiwa tu kwamba pale ni kwa mtemi. Kwa hiyo Waarabu wa Oman na Waswahili wa pwani walipoanza kujenga matembe yao Unyanyembe, katika miaka ya mwanzo ya 1850, hawakufika katika pori lisilo na mwenyewe. Walikuta dola yenye mtemi, na mtemi mwenye ikulu, na walikaa kwa idhini yake.

Mtemi Fundikira aliwapokea vizuri. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alioa binti wa Fundikira aitwaye Karunde na akawa na makazi yake Ituru, jirani na Tabora. Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, akarithi Mnywa Sele, naye akataka kutoza kodi bidhaa za Waarabu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wafanyabiashara walimpiga vita, wakamweka Mkasiwa mahali pake, na mwaka 1865 Mnywa Sele akauawa. Nayasema haya mapema kwa sababu katika magazeti yetu tumezoea kusimulia historia ya Uislamu bara kana kwamba ilikuwa salamu na biashara tupu. Mgeni aliyepewa kiwanja na mwenyeji, kisha akaingilia urithi wa kiti cha mwenyeji huyo, ana la kujibu.

Sasa turudi kwenye jengo. Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani. Alipokewa na Mwarabu wa kabila la Harthi, Snay bin Amir, mtu ambaye alianza maisha Maskati akitengeneza halua na vitu vitamu, na akaja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Burton alikiri kwamba mwenyeji wake alikuwa msomaji na mwenye kumbukumbu ya ajabu. Lakini kuhusu nyumba za Waarabu wale aliandika kwa dharau kwamba hajapata kuona makazi yenye kuchosha macho kuliko hayo. Pamoja na dharau yake, alieleza jengo kwa usahihi, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nilisome tembe kama somo la fikihi.

Nje kulikuwa na kibaraza kipana chenye kivuli, kimeshikiliwa na nguzo, na chini yake benchi refu la udongo. Hapo wanaume walikaa asubuhi na jioni wakizungumza, wakifanya biashara na kuswali. Kisha unafika kwenye mlango mzito wa mbao mbili kubwa na minyororo. Ukipita mlango unaingia sebuleni, chumba kisicho na kitu ila mabenchi mawili ya udongo, kulia na kushoto, ambayo hutandikwa mikeka na mazulia mgeni anapotarajiwa. Mgeni huishia hapo. Kutoka sebuleni kuna njia ya kwenda ndani, na njia hiyo haikunyooka. Imepindwa makusudi, ili aliyekaa sebuleni, au aliyesimama mlangoni, asiweze kuona kinachoendelea uani. Ndani kuna ua wa wazi, na vyumba vyote vinaelekea uani. Ukuta wa nje hauna dirisha, ila matundu madogo ya hewa.

Burton aliona hapo kuchosha macho. Mimi naona Surat An-Nur, aya ya 27, imefinyangwa kwa udongo. Aya hiyo inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe. Na katika hadithi iliyo katika Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) alimkuta mtu akichungulia nyumbani mwake kupitia tundu, akamkemea kwa ukali na kubainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Wajenzi wa tembe waliielewa hadithi hii kuliko wengi wetu tuliosoma. Hawakungoja tabia ya mgeni iwe nzuri. Waliikunja njia.

Niliwasimamisha wanafunzi wangu mlangoni nikawaeleza mpangilio huu wa kibaraza, sebule, kona na ua. Kisha nikawauliza, nyumbani kwenu mgeni akibisha hodi, anaona nini mlango ukifunguliwa? Walicheka. Wengi wao wanaishi nyumba za vyumba sita vinavyotazamana, na ukumbi mmoja ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi choo cha uani. Mpangaji wa chumba cha kwanza anajua mpangaji wa chumba cha sita amepika nini. Wengine wanaishi katika nyumba mpya za Kiloleni na Ipuli, zenye madirisha makubwa ya vioo barabarani, na mapazia mazito ambayo hayafunguliwi mwaka mzima. Tunajenga dirisha, kisha tunanunua kitambaa cha kuliziba! Sisemi turudi kwenye udongo. Nasema fundi akikuletea ramani, mwulize mgeni ataketi wapi na jicho lake litaishia wapi. Hilo halina gharama.

Na udongo wenyewe usidharauliwe. Tembe si kitu cha Waarabu. Namna hii ya kujenga, yenye paa la bapa la boriti, fito na udongo, ilikuwapo Ugogo na sehemu za Unyamwezi kabla msafara wowote wa pwani haujapita. Walichofanya wageni ni kuchukua ujenzi wa wenyeji, wakaukuza, wakaupa sebule, kona na mlango wa nakshi. Fundi akiwa Mnyamwezi, mpango wa ndani wa Kiomani, mlango wa Kiswahili. Ukuta wa futi tatu huzuia jua la Oktoba, ambalo msomaji wa Tabora analijua vizuri. Ubaya wake ni mvua. Mzee mmoja jirani na pale, aliyekulia katika tembe, aliniambia kwamba paa la udongo ni kama mtoto mchanga, ukiliacha msimu mmoja bila kulihudumia linalia. Lazima likandikwe kila mwaka kabla ya masika. Ndiyo maana mamia ya matembe yaliyokuwapo hapa yametoweka bila kuacha hata tofali. Mwaka 1871 Stanley alikadiria kuwa Tabora ina nyumba na matembe zaidi ya elfu moja na watu kama elfu tano. Tafuta leo.

Nisisahau viwanja. Msomaji akija Tabora atadhani miembe hii imekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Stanley aliandika kwamba uwanda wa Tabora ulikuwa mtupu, hauna miti, na kwamba Waarabu walikuwa wamepanda kuzunguka matembe yao michungwa, milimau, mipapai na miembe, wakalima na ngano kidogo kwa matumizi yao. Katika bustani mlikuwa na vitunguu, thomu, pilipili, matango, nyanya na biringani. Ndani ya baadhi ya nyumba hizo alikuta mazulia ya Uajemi na vyombo vya fedha vya chai na kahawa, kila kimoja kimebebwa kichwani au begani kutoka Bagamoyo. Kuhusu miti, sote tunajua hadithi inayosema kwamba Muislamu akipanda mti, kila anayekula katika mti huo, mtu, ndege au mnyama, aliyepanda huandikiwa sadaka. Mara nyingi nimekula embe la Tabora bila kumkumbuka aliyeleta kokwa.

Liwali wa Waarabu, aliyewakilisha mamlaka ya Sultani wa Zanzibar hapa, alikuwa Said bin Salim al-Lamki. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara wa Burton mwaka 1857, akaja tena na Speke, akaugua, akabaki Unyanyembe na kuwa liwali. Stanley alipofika Juni 1871 akimtafuta Livingstone, liwali huyu ndiye aliyempokea na kumpa tembe Kwihara. Miezi michache baadaye nyumba hiyo ilijaribiwa. Waarabu walikwenda kumpiga Mirambo, wakashindwa vibaya, naye Agosti 22 akaja kuushambulia mji wa Tabora wenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wao, alitoka kumkabili akiwa na watu wachache, akauawa. Stanley alikuwa Kwihara akitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za udongo na kuchimba mashimo ya kujikinga. Ngome ile haikufikiwa. Alirudi katika nyumba hiyo hiyo Februari 18, 1872, safari hii akiwa na Livingstone, kisha Machi 14 akamwacha na kuelekea pwani.

Hebu nilinganishe na jumba ambalo kila msomaji analijua. Beit al-Ajaib la Forodhani, Unguja, lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, likawa na umeme na lifti wakati miji mingi ya Afrika ilikuwa gizani. Watu walikuwa wakilisifia mpaka Desemba 25, 2020, sehemu yake kubwa ilipoporomoka na kuua watu. Lakini fedha za Zanzibar zilitoka wapi? Zilitoka kwenye karafuu, na zilitoka kwenye pembe. Pembe zilipita hapa. Mnyamwezi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, kama kilo 30 na ushei, kwa miezi mitatu au minne hadi pwani. Wengi wa wapagazi hawa hawakuwa watumwa, walikuwa watu huru waliopatana ujira, waliojua kugoma na waliojua kuondoka usiku wakidhulumiwa. Jumba la ghorofa la pwani na tembe la udongo la bara ni ncha mbili za kamba moja.

Nilikuwa nimefika hapa katika maelezo yangu, nikijisikia vizuri kwa kweli, nikiwaambia vijana kwamba historia hii ni yetu na tusikubali ifutwe, pale kijana mmoja wa kidato cha tatu aliponyoosha mkono.

"Ustadhi, na watumwa walikuwa wanalala wapi?"

Kulikuwa na kimya. Nilikuwa na jibu, kwa sababu Burton analitaja. Wake na mabinti walikuwa na sehemu yao ndani, na watumwa walilala katika mabanda au vibanda vya nje. Lakini nililijibu harakaharaka, kama mtu anayepita karibu na kaburi usiku, nikarudi kwenye miembe. Yule kijana hakuuliza tena. Njia nzima ya kurudi mjini niliona haya.

Nina sababu yangu binafsi ya kuona haya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema. Mama yake aliletwa hapa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika akiwa mtoto, na bibi hakupenda kueleza aliletwaje. Alisema tu, "tulikuja na watu." Alikuwa mcha Mungu, hakupitwa na alfajiri, na mimi juzuu ya kwanza nilisomea miguuni pake. Kwa hiyo nikisema "sisi Waislamu tulijenga Kwihara", ni lazima nijiulize mimi ni yupi pale, aliyekaa sebuleni kwenye zulia au aliyelala bandani?

Sisi wanaharakati wa kuandika historia ya Waislamu tuna mazoea ya kusema kwamba habari za utumwa zilikuzwa na wamisionari. Zipo zilizokuzwa, na ni kweli kwamba Mzungu aliyetulaumu aliyafanya yake Atlantiki, kisha akaja hapa na hongo ya ukombozi mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Lakini Julai 15, 1871, katika soko la Nyangwe huko Manyema, watu wa wafanyabiashara wenye majina kama yetu waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na mboga, mamia wakafa, wengi kwa kuzama mtoni. Livingstone aliliona kwa macho yake, na akaondoka pale akiwa mtu aliyevunjika. Habari hiyo ilisaidia kuwasukuma Waingereza kumshinikiza Barghash kutia saini mkataba wa Juni 5, 1873 na kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Waliopigwa risasi hawakuwa mateka wa jihadi yoyote ambayo mwanachuoni anaweza kuitetea. Walikuwa sokoni.

Sheria yetu iko wazi. Kumkamata mtu huru na kumuuza ni miongoni mwa makosa ambayo, kwa mujibu wa hadithi sahihi, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wa mtendaji siku ya Kiyama. Surat Al-Balad imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlimani ya kuiendea. Surat At-Tawba imeweka fungu la zaka kwa ajili hiyo. Waliojenga kona ya sebule kwa kufuata Qur'an walikuwa na aya hizi pia mikononi. Walizisoma kwenye kibaraza kile kile, na uani kulikuwa na watu waliotekwa. Sijui namna ya kulilainisha jambo hili, na nadhani mwalimu wa dini hatakiwi kulilainisha.

Wapo watakaosema nawapa silaha maadui. Mimi naona kinyume chake. Kijana wa kidato cha tatu tayari ana swali. Asipolisikia jibu kwa ustadhi wake atalipata kwa mtu mwingine, likiwa na sumu ndani yake.

Na ukweli wote ukisemwa, ndipo majina mengine nayo yanaonekana. Livingstone alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili wake ulibebwa hadi pwani na watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, ambaye utotoni alikuwa ameokolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa. Oktoba 1873 walifika hapa Unyanyembe na kumkuta Mwingereza Cameron, naye akawashauri wauzike mwili papa hapa. Walikataa. Waliendelea hadi Bagamoyo, na Aprili 1874 mwili ukazikwa London. Ukitaka kumpa mtu jina la tembe kwa sababu ya ushujaa, mbona hawa hawatajwi mlangoni? Na Mtemi Isike, aliyeipinga Ujerumani hadi Januari 1893, na boma lake lilipovunjwa na askari wa Tom von Prince akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa, naye ikulu yake ina wageni wangapi?

Mwaka 2006 serikali iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikianzia Bagamoyo, kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, hadi Ujiji. Ni jambo jema. Ila kila kituo katika njia hiyo kina wazee. Wazee hao hawasubiri UNESCO, wanakufa.

Wiki iliyofuata niliingia darasani, nikamwita yule kijana mbele, nikamwomba radhi kwa kumjibu juu juu. Kisha nikawapa kazi darasa zima. Kila mmoja aende kwa bibi au babu yake aulize mambo matatu: ukoo wetu ulifikaje Tabora, nani alisilimu wa kwanza, na nani alimsomesha. Niliwakataza kuandika kitu ambacho mzee hataki kiandikwe.

Walirudi na karatasi 34. Nyingine mistari miwili tu. Wapagazi wapo, mjukuu wa seremala wa milango yupo, na yupo binti ambaye bibi yake alikataa kabisa kujibu swali la kwanza, akajibu la tatu kwa saa nzima. Yule kijana aliyeuliza alileta karatasi tupu. "Babu amesema tuje wenyewe, Ustadhi," akaniambia. "Amesema haandikishi kwa mtoto, anataka aongee na mwalimu." Tumepanga kwenda Ijumaa baada ya swala.